Moteri Niliyoitoa kwenye Kompyuta ya Papa

Vumbi la Goma likipata joto lina harufu yake. Fungua kompyuta yoyote iliyokaa mwaka mmoja katika mji huu, iwashe kabla hujaipangusa, utaisikia: udongo uliochomwa, chuma, na kitu kama kiberiti kwa mbali. Kazi yangu ni kutengeneza mashine hizi. Nafungua nne, tano kwa siku, na wateja wakiona nakunja uso wanadhani nachukia uchafu. Waache wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na tulikaa mtaa wa Murara. Papa alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Rutshuru, mtu wa asili ya Maniema, mwenye sauti kubwa na grisi kwenye kucha hata siku ya Idi. Kompyuta ililetwa na baba mkubwa, ambaye alikuwa akifanya biashara ya Dubai na hakuwa na umeme kwake. Kwetu kurant ilikuja ilipotaka, lakini ilikuja. Mama aliifunika mashine ile kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka juu yake maua ya plastiki, na wageni walipoingia walitazama kompyuta kwanza ndipo wakamsalimia mwenye nyumba.

Volkano ilipolipuka, Papa alipakia kwenye lori watoto, cherehani ya Mama na kompyuta iliyoviringishwa ndani ya godoro. Lava ikameza avenu ya jirani, ikaiacha yetu. Mpaka leo sijui kwa nini yetu. Tuliporudi ardhi ilikuwa bado ya moto, soli za kandambili zikinata, na kila mtu alikuwa akitafuta mtu.

Papa aliporudi barabarani ndipo mambo ya majina yalipoanza. Watu wa upande wa Munigi waliokimbilia kaskazini walikuwa wamepotezana na watoto, na watoto wale walikuwa wameokotwa na familia za njiani, huku mmoja, kule wawili, mpaka Rutshuru yenyewe. Papa kila aliposimama aliambiwa: muzee, tuko na mutoto hapa, hatujui ni wa nani. Akaanza kuandika kwenye daftari. Jina la mtoto kama analijua, jina la mama, alama za mwilini, nyumba iliyompokea. Aliporudi mjini wamama walikuwa wakimngoja kwenye maegesho, na kwa njia hiyo watoto kadhaa walirudi makwao wakiwa wamekaa mbele ya lori, karibu na Papa, wakila ndizi.

Daftari lilijaa, likalowa, kurasa zikaanza kutoka. Jirani yetu Bahati, kijana aliyekuwa amesomea kompyuta Bukavu, akamwambia Papa atamtengenezea programu ya kuweka liste yote ya majina. Alifanya kazi ile siku nyingi, akinywa chai yetu hadi Mama akawa analalamikia sukari. Ilipokwisha alituita wote. Akatuonyesha kwamba unaandika jina, unabonyeza, na mtoto anatokea pamoja na nyumba aliko. Papa alicheka kama mtu aliyepewa lori jipya.

Bahati alijua anaongea na dereva, akaeleza kwa lugha ya udereva. "Programu hii haitembei yenyewe, Papa. Iko na moteri chini yake. Ukitoa moteri, inabakia mabati tu." Papa akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kumweleza jambo la kompyuta akalielewa haraka namna ile. Mimi nikaelewa pia, au nikadhani nimeelewa. Moteri ile tuliiona kwenye orodha ya vitu vilivyowekwa ndani ya mashine, jina lake na namba yake pembeni.

Kuandika majina nikapewa mimi, kwa kuwa vidole vya Papa vilikuwa vikibonyeza herufi tatu kwa mpigo. Alisoma kutoka kwenye daftari, nami nikaandika, siku tatu mfululizo baada ya shule. Nilijiona mkubwa. Tulipomaliza, Mama aliwashia moto wa makala jikoni kwa zile kurasa za daftari, moja moja, na hakuna aliyemkataza. Tulikuwa na mashine sasa. Daftari la nini tena?

Muda si mrefu Bahati akaondoka. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, vijana walikuwa wakichukuliwa kwenda kuwa askari, na mama yake alimvusha mpakani bila hata kutuaga. Akaenda na sahani zake zote za kompyuta, zile CD zenye programu.

Likizo ikaja, na binamu yangu akaniletea kutoka Kampala sahani yenye mchezo. Kulikuwa na farasi na mashindano ya hesabu, na mimi farasi nilikuwa sijamwona hata mmoja. Nilipoiweka, mashine ikasema moteri iliyomo ni ya zamani, mchezo unataka mpya, na mpya imo kwenye sahani hiyo hiyo. Sikuwa mtoto wa kuharibu vitu. Nilikwenda kumuuliza Papa. Alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza kwamba kuna moteri mbili, ya Bahati na nyingine mpya, nifanye nini.

"Mariamu," akasema kutoka kule chini, "gari moja, moteri moja. Toa ya zamani, weka mupya."

Nikarudi, nikaitoa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Farasi wakakimbia vizuri sana.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke wa Rutshuru aliyekuwa amehamia Munigi, anaitwa Mama Innocent. Siku ya volkano alikuwa ameshuka mjini kuuza maharage, akamwacha mwanawe kwa jirani. Lava ikakata barabara kati yao. Jirani alikimbia kaskazini na watoto saba, akafika na sita. Mama Innocent alikuwa ameuliza kila mahali, mpaka mtu akamwambia kuna dereva mwenye liste Murara. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema kwa upole wa watu wa kwao kwamba mtoto wake ana kovu juu ya jicho la kushoto, uji ulimuunguza.

Papa akajipiga paja. "Huyu nilimuona kwa macho yangu! Alikuwa anakula viazi. Mariamu, washa."

Nikawasha. Nikabonyeza programu ya Bahati. Kikatokea kijidirisha cha kijivu kikisema kwa Kifaransa kwamba kuna kitu hakionekani. Nikabonyeza tena, mara tatu, mara nne. Papa aliinama juu ya bega langu, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua kabla ya wote. Nilifungua mdomo niseme nimetoa moteri, nikamwona yule mama amekusanya mikono yake mapajani anatazama kioo cha kompyuta kana kwamba mtoto atatoka humo, nikaufunga. Papa akasema ni kurant, kurant hii mbaya imeharibu. Nikasema ndiyo, Papa, ni kurant.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumba ile niliiandika mimi. Kovu, jicho la kushoto, viazi, jina la mwenye nyumba, vidole vyangu hivi ndivyo vilivyoandika, na kichwa hakikushika hata neno. Papa naye aliona watoto wengi mno. Alikumbuka uso na sahani ya viazi. Nyumba, hapana.

Alimpakia Mama Innocent kwenye lori kesho yake, wakawa wanasimama kila penye moshi wa jiko, Rumangabo, mbele zaidi, wakiuliza. Siku ya nne mapigano yakafunga barabara. Ilipofunguliwa tena, vijiji vingi vya kando ya njia vilikuwa vitupu, na waliokuwa na mtoto yule walikuwa wamekimbia naye, wapi, hakuna aliyejua. Kwa liste wangefika kwenye mlango wenyewe siku ya kwanza.

Kompyuta Papa aliipeleka kwa fundi wa karibu na soko. Fundi akasema imejaa uchafu, dawa yake ni kufuta vyote na kuanza upya. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika waya. Papa, akiamini liste imekwisha kuharibiwa na kurant, akaniuliza kama kuna kitu changu ndani. Nikasema hakuna.

Miaka mingi baadaye, nikijifunza kazi hii, mwalimu alituonyesha mashine moja yenye moteri tatu za umri tofauti, zimekaa pamoja bila ugomvi, kila programu ikiita ya kwake. Akaeleza pia kwamba ukitoa moteri, maandishi hayaguswi. Yanabaki mahali pake, yanangoja wa kuyasoma. Wenzangu waliandika, wakageuza ukurasa. Mimi nilitoka nje nikalia nimeegemea ukuta, kwa sababu nilielewa kwamba Innocent alikuwa mle ndani muda wote ule, yeye na nyumba yake na viazi vyake, na alipotea siku nilipomwambia fundi hakuna kitu. Sheria ya Papa, gari moja, moteri moja, ilikuwa sahihi kwa magari. Papa alikwisha kufa wakati huo, akiamini ni kurant. Sijamtaja kwa ubaya, na sitamtaja. Alinijibu nilichomuuliza.

Mwaka jana nilipanda pikipiki mpaka Rutshuru. Haikuwa vigumu kumpata yule mama, bado anaitwa Mama Innocent, hana mtoto mwingine wa kuitiwa. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote, moteri, farasi, fundi, bila kujipunguzia. Nilisema kwa Kiswahili, polepole, na alinielewa. Siwafichi: nilikwenda nikitaka aniambie kwamba nilikuwa mtoto tu.

Aliutikisa ungo, akatoa kijiwe kimoja. Kisha akaniuliza siku ile nilikuwa na miaka ngapi.

Nikasema kumi na moja.

"Wangu alikuwaka na miaka minne," akasema, akaendelea kuchambua maharage.