Kutu ya Nyasura

Juzi, pale Nyakato, nilimwona kijana akisugua bampa ya Pijo kuukuu kwa dawa ya chupa, nikasikia harufu ya majivu na limau ambayo haikuwepo.

Kwetu Nyasura, Baba alikuwa na Pijo kama ile, aliyoinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Aliisugua nikeli yake kwa majivu na limau, kisha akaipaka samli kama mtoto mchanga.

Mchana mmoja, nikiwa binti mdogo, aliniambia, "Mama, angalia kutu isije ikala bampa. Ikila gari, sisi hatuli."

Nikadhani kutu ni mnyama, mdogo wake fisi. Nikawa nalizunguka gari, fimbo mkono mmoja, kikombe cha uji wa ulezi mkono wa pili, nikihesabu: bampa mbili, taa mbili, vifuniko vya magurudumu vinne. Nikarudia, vikatimia. Mzunguko wa tatu nikaona madoa ya kahawia kwenye bampa. Ameshaanza kula! Nikalia mpaka Baba akatoka mbio.

Aligusa doa, akalamba kidole, akakitazama kikombe changu.

"Kumbe kutu ya hapa inakunywaga uji," alisema. "Tena wa sukari."

Nikashusha pumzi. Nikavihesabu tena vyote vinane, halafu nikaenda kumalizia uji wangu jikoni.