Kangema Ambako Sijawahi Kufika

Naomba radhi kwa mwandiko huu kabla hamjaendelea. Herufi zangu hulala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa, na yako maneno ambayo sina hakika nayo, hasa yenye r na l, kwa sababu nitakayoieleza. Niliishia darasa la nane. Naandika polepole, na karatasi hizi zimenichukua Jumapili tano. Atakayezichapa anyooshe maneno yaliyopinda, lakini mambo yenyewe ayaache yalivyo.

Ninauza miche kando ya barabara hapa Kimbo, Ruiru. Miparachichi, mipapai, maua ya uani. Ni kazi inayonifaa kwa sababu mteja hutaka kujua mambo mawili tu, bei na kama mche utashika, halafu anaenda zake. Kuongea na watu nisiowajua hunishinda. Si kiburi. Maneno huja vizuri, ila yakifika kooni yanakaa hapo.

Mama alinileta Kenya nikiwa mgongoni, kutoka Burundi. Tulikaa kwanza Githurai, ambako mpaka leo anauza ndizi sokoni, kisha tukahamia Kimbo kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Tuna kadi za wageni. Kadi hiyo ina mwisho wake. Ikiisha unapanga foleni, unaketi mbele ya mtu mpya, unaanza upya kueleza wewe ni nani na ulifikaje. Wengine huenda hawaoni uzito wa jambo hilo. Mimi huanza kukosa usingizi miezi miwili kabla. Ndiyo sababu nilitaka uraia. Nilitaka kueleza mara moja tu, basi.

Nilipokuwa darasa la nne, hapa Ruiru, mwalimu alitupa insha ya likizo iliyoitwa "Desemba Ushago". Ushago ndivyo tunavyoita huku kwa kina babu, na kila mtoto anao, hata aliyezaliwa Ruiru na kulelewa Ruiru. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama ushago wetu uko wapi. Alikuwa anapanga ndizi, zilizoiva upande mmoja na mbichi upande mwingine. Akajibu kwa Kirundi bila kuinua kichwa, "Iwacu ni kure." Kwetu ni mbali.

Jirani yetu, mwanamke wa Murang'a, alikuwa anafua mlangoni pake. Nilipomweleza maana yake akacheka.

"Sasa ataandika kwao ni mbali?" akamwambia Mama. Kisha akanigeukia. "Wewe sema Kangema, kwetu Murang'a. Sema nyumba ya cucu iko karibu na kiwanda cha majani chai. Nani ataenda kuangalia?"

Niliandika hivyo. Nikaongeza ng'ombe, na cucu, yaani nyanya, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa, na kuanzia siku hiyo nikawa mtoto wa Kangema.

Hakuna aliyenishuku, na sababu ni ile r. Lugha ya Mama haina l. Yeye husema chakura, na kurara, na "kesho tutaonana, mwarimu". Kwingine labda wangemuuliza ametoka wapi. Githurai na Ruiru hawaulizi, kwa sababu nusu ya majirani ni Wakikuyu, nao huchanganya r na l vivyo hivyo, na wote hudhani ni mwenzao. Mimi nilijifunza Kiswahili kwake kabla ya shule, nikachukua r yake yote.

Kazi ilikuwa Desemba. Ploti yetu ilibaki tupu, vyumba vimefungwa kwa kufuli, watoto wote wameenda ushago. Wachache waliobaki wangeniona, kwa hiyo nilikaa ndani. Mama alianika nguo zangu chumbani, juu ya kitanda, ili zisionekane kwenye kamba. Nilicheza na vizibo vya soda sakafuni hadi mwaka mpya. Shule ilipofunguliwa niliulizwa, "Kangema kulikuwaje?" Nami nilisema mvua ilinyesha sana. Baadaye nilijua hata gari la kwenda huko huegeshwa wapi Thika. Sijawahi kulipanda.

Darasa la nane lilipoisha, shule ya sekondari ilitaka cheti cha kuzaliwa. Sikuwa nacho. Nikaenda kwenye miche.

Mwaka juzi kulibandikwa tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Serikali italipia masomo ya wageni wanaoishi nchini kihalali, katika chuo kimoja cha ufundi Thika. Kiswahili, mambo ya katiba, na ufundi wa kuchagua. Atakayemaliza atapewa cheti, kitawekwa kwenye faili lake la kuomba uraia, na hatapimwa lugha tena. Atabakiwa na mahojiano tu. Nilimsomea Mama tangazo lote.

"Mimi nasoma ndizi," akasema. "Enda wewe. Ukiona ni kuzuri utaniambia."

Nilikwenda siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Nilichagua ufundi wa mabomba. Darasani nilikaa karibu na mama mmoja Mhindi, mjane mwenye duka la vitambaa mjini Thika. Alizaliwa Kampala, akaletwa Thika kuolewa. Mume wake alikuwa Mkenya, na kila mwaka alisema watashughulikia karatasi zake, mpaka akafa. Mama huyu aliongea Kikuyu kama maji, kwa sababu ya wateja wa dukani, lakini Kiswahili chake kilichechemea. Alipenda kunichungulia daftari.

"Kijana, sisi tutapata uraia, tutazeeka, tutakufa. Wewe bado unaandika tarehe."

Nilikuwa nikiinamisha kichwa. Lakini siku ambazo hakuja niliona darasa ni kubwa mno.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mwanamke mpole asiyepoteza maneno. Alitusimamisha mmoja mmoja tuseme "alilala", "alirarua", "alilia", "alirudi". Mimi nilisema "arirara", na yeye hakucheka. Alisema ulimi ni kama mche, hauvutwi, unaelekezwa. Baada ya miezi michache nilikuwa nasema "alilala" bila kufikiri.

Kuna siku mtu alimuuliza kama cheti chake kitatosha.

"Cheti si uraia," akasema. "Cheti kinamwambia afisa kwamba huyu mtu alikuja, akakaa, akasikiliza. Mengine ni yako na afisa."

Tulipomaliza, maafisa wawili walikuja chuoni kufanya mahojiano huko huko, ili tusihangaike kwenda Nairobi. Hilo nalo lilikuwa faida ya masomo. Walipewa chumba cha ushonaji, vyerehani vikasukumwa ukutani. Mmoja alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sweta ya kijivu, ndiye aliyeuliza. Mwingine mwanamke, yeye aliandika.

"Kalibu," akasema yule wa sweta. "Kaa hapo, usiogope."

Niliposikia hiyo "kalibu" moyo ulitulia. Aliniuliza rangi za bendera na maana zake. Aliniuliza kazi ya gavana, na Ruiru iko kaunti gani. Nilijibu yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitoka. Akatazama cheti changu, akakirudisha kwenye faili, akafunika kalamu.

"Umesoma vizuri. Unaongea kama mtu wa hapa tu." Alikuwa anajinyoosha kitini. "Kwenu ni wapi?"

"Murang'a," nikasema. "Kangema."

Sikuamua kusema hivyo. Mkono ukiguswa na moto hauulizi mwenye mkono. Miaka yote hiyo, mtu akiniuliza swali hilo kwa sauti ya namna hiyo, jibu lilikuwa moja.

Alifurahi. "Kangema? Mimi ni wa Kangema. Upande gani?"

"Karibu na kiwanda cha majani chai."

"Kiwanda gani? Viko zaidi ya kimoja."

Yule mwanamke aliacha kuandika, akafungua faili ukurasa wa kwanza.

"Hapa imeandikwa alizaliwa Burundi," akasema.

"Sasa mtu wa Kangema anaomba uraia wa nini?" akauliza mwenzake. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Kijana, ukweli ni upi? Hii fomu ulijaza wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Maneno yalifika kooni yakakaa. Nilijua kwamba anayetoa habari za uongo kwenye ombi la uraia anaweza kuondolewa kabisa, kwa sababu mwalimu alitufundisha hilo katika chumba cha pili kutoka pale. Nilitazama cherehani kilichokuwa na uzi mwekundu.

Yule mwanamke ndiye aliyesema, bila ukali, "Toka ukae nje. Upate pumzi. Tuko hapa mpaka saa kumi. Ukiwa tayari kutueleza, urudi. Usiporudi, tutaandika tulichosikia."

Nje kwenye benchi alikuwa yule mama wa vitambaa, anasubiri zamu yake, mkoba magotini. Aliniona uso.

"Wamekuuliza nini?"

Nilimweleza. Ilichukua muda. Watu wawili walikwisha kuingia na kutoka. Nilimweleza insha, jirani, nguo zilizoanikwa juu ya kitanda.

"Wewe umedanganya afisa?" akasema. "Wewe? Hata salamu unatoa kwa shida. Uongo ulijua wapi?"

Akaweka mkoba chini.

"Sikia, kijana. Mimi nimekaa duka miaka mingi. Mteja anarudisha kitambaa mbovu, mimi nauliza, nani alikata? Mtu akisema mimi nilikata vibaya, tunaelewana. Akinyamaza, hakuna biashara. Rudi. Ambia yeye vile umeambia mimi. Hata hiyo ya nguo."

"Ni aibu."

"Ni aibu, ndiyo. Enda na hiyo aibu."

Aliitwa yeye. Alipotoka akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikaingia.

Niliongea nikitazama meza. Niliwaambia sikuwa nimewadanganya wao, nilidanganya darasa la nne, halafu sikujua pa kuacha. Niliwaambia habari za Desemba. Yule wa sweta alikuwa amevua miwani akiifuta, akaifuta muda mrefu.

"Na Burundi unakumbuka nini?" akauliza yule mwanamke.

"Hakuna. Nilikuwa mgongoni."

"Na nikikuuliza tena leo," akasema mwenzake, "kwenu ni wapi?"

Nilifikiri. "Nilizaliwa Burundi. Naishi Kimbo. Neno moja la kuweka hapo sina."

"Basi andika hivyo hivyo."

Yule mwanamke alinipa karatasi. "Majibu mawili hayawezi kukaa kwenye faili moja bila kitu katikati," akasema. "Andika mwenyewe, utie sahihi. Ofisini Nairobi wataamua."

Niliandika nusu ukurasa. Walimaliza kunywa chai, wakafunga mafaili ya wengine, wakaanza kurudisha vyerehani mahali pake. Hawakuniharakisha. Nilipomaliza, yule wa sweta alisoma, akaonyesha kwa kidole neno moja. Nilikuwa nimeandika "nirizaliwa". Nilitaka kufuta, akasema niache.

Nyumbani nilimweleza Mama. Nilidhani atakasirika. Alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini.

"Na mimi sokoni nasema Kangema," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe. Mtoto aseme Kangema, mama aseme kwingine? Ware wamama wananiita wa Kangema mpaka reo. Mmoja ariniomba nimretee majani chai."

"Ukampa?"

"Nirinunua dukani, nikatoa kwa pakiti."

Tulicheka, halafu akachukua kisu akaendelea na viazi.

Hayo yametimiza miezi kumi na moja. Wenzangu wengi tuliomaliza nao wamekwisha kuitwa. Yule mama wa vitambaa alikula kiapo, na siku iliyofuata dereva wake alimleta Kimbo na pakiti ya chevda ya kutafuna. Alinunua mipapai miwili ambayo sijui ataipanda wapi, maana anakaa ghorofani.

"Wewe bado?"

"Bado."

"Uliandika refu," akasema. "Wanasoma pole pole, kama vile unaandika."

Mwalimu ananiambia barua ile ya nusu ukurasa inaweza kunisaidia, kwa sababu ni ukweli ulioandikwa kwa mkono wangu, na inaweza kunichelewesha, kwa sababu ofisini mtu akikuta karatasi ya ziada huiweka kando aisome kesho. Yeye mwenyewe hajui. Cheti cha masomo kipo kwenye faili, barua ipo juu yake, nami nanywesha miche.

Lakini Mama amejiandikisha. Alisema akisubiri kujua kama ni kuzuri atachelewa. Masomo yake yanaanza muhula ujao, katika chumba kile kile, na mwisho wake kuna meza na mtu atakayemuuliza kwao ni wapi. Yeye haogopi kuongea. Ninachoogopa ni kwamba atajibu upesi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliopitia masomo haya, au mahojiano ya uraia kwa njia nyingine yoyote, mniandikie. Kama faili lenu lilikuwa na barua ya kueleza jambo, lilichukua muda gani, na mliitwa? Na mlipoulizwa kwenu ni wapi, mlisema nini, kwa maneno yale yale mliyoyasema? Barua ziachwe kwa karani wa chuo, anajua za kwangu. Nitajibu kila mmoja. Nitachelewa, lakini nitajibu, na zote nitamsomea Mama kabla hajaketi pale.