Jitu la Kajiru na Maji ya Ndiva

Dadu ikitikiswa ndani ya kikombe cha bati hutoa mlio mkavu, na mlio huo hadi leo hunirudisha Vudee, jikoni kwa bibi, msimu wa baridi, ukungu umeshuka hadi mlangoni na maharage yanachemka taratibu. Nilikuwa darasa la tano. Dada yangu Nakijwa, aliyesoma sekondari Same mjini, alikuja likizo na mchezo aliojifunza bwenini: kila mchezaji anabuni mtu wake, anamgawia pointi za nguvu, wepesi, akili na ulimi, kisha msimulizi anawaingiza wote katika safari ya hatari, na dadu inaamua nani afaulu. Msimulizi alikuwa yeye. Wachezaji tulikuwa mimi na Kajiru, mtoto wa mama mdogo kutoka Mwanga. Dadu tuliichomoa kwenye ludo ya zamani, na siku za mwanzo sikutaka hata kuitwa kula.

Kajiru alikuwa kichwa cha hesabu, lazima nimpe sifa yake. Mimi nilimgawia mtu wangu, mjumbe, pointi kidogo kidogo, nikamwongezea ulimi kwa sababu nilipenda watu wanaojua kuongea. Yeye alichukua kipande cha mkaa, akajumlisha na kutoa sakafuni, akagundua kwamba ukinyima akili na ulimi na kumwaga pointi zote kwenye nguvu, unapata jitu lisiloshindika. Ilikuwa kazi safi. Tangu hapo kila chui, kila jambazi na kila lango lilikwisha kwa pigo moja, nami nikabaki kumshikia kikombe. Mwishowe nikasema kesho siji, naenda kuokota kuni. Iliniuma, maana ule ndio muda niliokuwa nampata dada yangu. Likizo ikiisha anarudi bweni.

"Mpunguzie pointi," nilimwambia dada.

Kajiru akaruka. "Dada, sheria umetusomea mwenyewe. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Jitu lako libaki hivyo hivyo."

Nilichukia mpaka nikakataa chai. Asubuhi iliyofuata kijiji kilikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja, ya kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Wenye misuli walichimba tope, akina mama wakalibeba, na wazee wasioliweza jembe walikaa ukingoni wakipanga zamu za maji ili mashamba ya chini yasikauke. Sisi watoto tulikata nyasi. Dada alikata za kwake huku akitazama watu, hata akakemewa kwa uvivu. Tuliporudi akatuita jikoni, nami nikaenda kwa kujivuta.

Safari hii jitu na mjumbe waliikuta ndiva imefurika, jiwe kubwa limeziba mlango wake, na watu wa juu na wa chini wameshika mapanga wakigombea maji. Kajiru akachangamka. "Nalipiga jiwe!"

"Ukilipiga, maji yanatoka kwa mkupuo, yanafagia mashamba ya chini," akasema dada. "Unaweza kulinyanyua na kulishikilia, yatoke kidogo kidogo. Ila watu hawa hawatakuruhusu ulisogelee mpaka wapatane."

Ulimi wa jitu ulikuwa sifuri. Kajiru akaitazama hesabu yake sakafuni, kisha akanisukumia kikombe. "Ongea nao wewe, tafadhali. Mimi nitashika jiwe."

Nikaanza na "Shikamooni, wazee," na dada akaitika "Marahaba" kwa sauti ya kukwaruza, tukaangua kicheko. Nikatupa dadu. Sita! Niliyagawa maji yale kwa zamu kama nilivyowasikia wazee asubuhi, na Kajiru akalishikilia jiwe mikono juu, jasho la kweli likimtoka. Kuni sikwenda. Kwa mchana ule namvulia dada kofia: hakumpunguzia Kajiru hata pointi moja, wala hakunipa mimi ushindi wa huruma. Alitutafutia kazi iliyotuhitaji wote wawili.

Siku hizi nakaa Same mjini, na michezo ya namna hii ina vitabu vizito na dadu za rangi. Kwenye simu unamkuta mtu wa mchezo pointi zake zimekokotolewa tayari, huhitaji hata mkaa. Krismasi iliyopita tulipanda Vudee, na dada akatikisa kikombe kilekile. Kajiru, sasa baba wa watoto wawili, alipokea karatasi yake. Zamani angekuwa ameshaanza kujumlisha. Aliweka kalamu chini, akamgeukia binti yangu aliyekuwa akicheza kwa mara ya kwanza.

"Mama, wewe unapenda kufanya nini?"

"Kupigana," akasema binti.

"Haya," akasema Kajiru, akaokota kalamu na kumwaga pointi zote za mtu wake mwenyewe kwenye ulimi.