Beseni Chini ya Meza

Mwezi ule wa mwisho nilijiwekea sharti la kijinga. Nilisema, mtu mmoja tu wa huku akiniambia "usiende", nabaki. Mmoja tu, hata awe muuza makaa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha na wakubwa walikuwa wameniachia nichague mwenyewe: niongeze muda Migori au nirudi kwetu Malindi, kwenye nyumba ambayo tangu mume wangu afariki ilikuwa na saa ya ukutani na mimi. Watoto wako ng'ambo, hupiga simu Ijumaa. Kwa hiyo siwezi kusema nyumbani kulikuwa kunaniita. Nilichotaka ni sababu ya kubaki, na nilitaka itoke kinywani mwa mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu. Taasisi ya Kimataifa ya Kuwezesha Biashara baina ya Chumi Tofauti. Fundi aliyetuandikia kibao pale Migori, juu ya duka la mabati, aliishiwa na nafasi alipofika "Chumi", akaisukuma "Tofauti" chini peke yake kwa herufi ndogondogo. Watu wakaamua kwamba ofisi inaitwa Chumi. "Unafanya kazi wapi, madam?" "Chumi." "Aaa, kwa Wazungu." Na Mzungu mwenyewe alikuja mara moja tu, akanywa soda, akaondoka.

Makao makuu yalikuwa mbali huko, yakiandika vitabu vya kuwafundisha wachuuzi wa ziwani na wa mpakani namna ya kufanya biashara na watu wa nchi nyingine, wenye fedha nyingine na desturi nyingine. Mimi nilivigeuza vitabu hivyo kuwa Kiswahili, kisha nikaenda kuvifundisha: Migori mjini, Ndhiwa, na kila siku ya soko Rodi Kopany. Waliniajiri kwa sababu ya Kiswahili changu, na Kiswahili changu ndicho kilichonitenga.

Nieleze. Kwangu mimi Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi kwa jirani, ya kusutana, ya kulilia maiti. Huku ni lugha ya askari, ya karani na ya mgeni. Nikikaribia wanawake wanaocheka kwa Kijaluo, kicheko kinakatika, mtu anakaza mgongo, ananiambia, "Habari ya asubuhi, madam." Wananiheshimu! Heshima ile, jamani, ilinichosha roho. Nikajifunza salamu zao. Nikisalimu kwa Kijaluo wananipigia makofi, halafu wananijibu kwa Kiswahili. Jina waliniita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, na kila nikisema mimi si wa Mombasa, ni wa Malindi, wanatikisa kichwa kwa adabu na kesho yake ni Nyar Mombasa vilevile. Nikachoka kubisha.

Tena nilikuwa mkali. Sifichi. Darasa likiwa saa tatu, mimi saa tatu niko ubaoni. Wao saa tatu wako kwao. Unapiga simu: "Uko wapi, mama?" "Niko njiani, madam, niko hapa tu, nafika." Huku nyuma unasikia kuku na sufuria. Hee! Njia gani hiyo yenye sufuria? Niliwahi kumwambia mmoja wao kwamba siku nitakayosikia mtu wa Rodi anasema "bado niko nyumbani" nitachinja mbuzi. Wakacheka, na wakaendelea kuwa njiani.

Miongoni mwa wanafunzi wangu wa Rodi alikuwako mama mmoja muuza samaki, wa rika langu, mwenye mwanya na sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa anakaa Homa Bay, ananunua samaki ufukweni alfajiri, kisha anawaleta Rodi. Juu ya meza yake alipanga ngege, wale samaki wapana wa ziwani, na mafungu ya omena, yaani dagaa. Chini ya meza alikuwa na beseni la plastiki limefunikwa kwa kitambaa. Beseni lile ndilo nililolionea wivu kwa muda wote wa mkataba wangu.

Maana lile halikuwa la kuuza. Lilikuwa la watu wake. Katika soko lile, kila muuzaji ana watu wake, na samaki mzuri akipatikana huwa hapandi mezani, anawekwa chini mpaka mwenyewe aje. Hamna aliyelipa, hamna aliyeagiza. Mwenyewe anafika, mama anainama, anatoa, anasema "nimekuwekea", basi. Siku moja nilimwona mwenye hoteli, mtu wa kitambi na gari, ananyoosha kidole chini ya meza na kutaja bei ambayo ningeuza hata meza yenyewe. Mama akamwambia hao wana wenyewe. Mwenye samaki akaja jioni, kikongwe kimoja na kikapu chake, akapewa, akalipa bei ile ile ya kila siku.

Sasa sikia nilichokuwa nafundisha mimi. Somo la tatu la kitabu cha Taasisi: usimhifadhie mteja bidhaa kabla hajatoa malipo ya mwanzo. Nililitafsiri mwenyewe, kwa ufasaha kabisa. Siku nilipolisoma darasani, yule mama aliinua mkono.

"Na kama ni mtu yangu?"

Nikaangalia kitabu. Kitabu hakikuwa na mtu wa mtu. Nikamjibu, "Mtu wako ndiye atangulie kulipa, awe mfano kwa wengine."

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema jambo kwa Kijaluo, mwingine akalipokea, wakacheka hadi wakafuta machozi kwa leso. Nilisimama pale na chaki yangu nikisubiri mtu anifasirie. Hakuna aliyenifasiria. Yule mama alinitazama tu, akasema, "Endelea, madam, tunasikia."

Baada ya darasa nilikuwa napitia mezani kwake kununua kitoweo, na hapo napo tulikuwa hatupatani. Sisi Pwani samaki humnunui kwa kupewa. Unamchagua. Unamfunua mashavu uone wekundu, unambonyeza tumbo, unamnusa, unamrudisha, unamtukana kidogo, unamchukua jirani yake. Ndiyo raha yenyewe ya soko. Kwa huyu mama sikuwahi kuupata mwanya huo. Nikifika tu, nakuta ameshashika mkononi samaki ndani ya gazeti, amefungwa, ananisukumia.

Mara ya kwanza niliwaka. "Mbona unanifungia kabla sijaona? Unanitolea samaki wa jana kwa vile mimi ni mgeni?" Nikalifungua gazeti mbele za watu, nikamchunguza samaki yule mashavu na macho. Alikuwa mzima kabisa. Nikamchukua nimenuna. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, gazeti liko tayari. Mwishowe nikaacha kufungua. Nilimlaza kwenye kikapu nikinung'unika kwamba mtu wa kuja hana hata haki ya kuchagua, na nikifika Migori namkuta mnono, mbichi, ana mafuta. Nikajiambia nina bahati. Tena nikajipongeza: wameogopa mdomo wangu.

Jioni nilikuwa nampika kwa nazi iliyotoka kwetu, nakula peke yangu mezani, nimewasha redio ili nyumba iwe na mtu. Chini barabarani pikipiki zinapita, watu wanaitana majina. Wakati mwingine nilijibu redio.

Basi mwezi wa mwisho ukafika, na sharti langu. Nilianza na mlinzi wa ofisi. Nikamwambia, "Huenda nikaondoka mwisho wa mwezi." Akasema kwa heshima, "Safari njema, madam. Ile jiko ya gesi utaenda nayo?" Nikamwambia mwenye nyumba. Akasema mimi ni mpangaji msafi, hajapata mwingine kama mimi, na mapazia je, nitayaacha? Ndhiwa darasani niliwaambia wote kwa pamoja. Walisimama, wakaomba kwa Yesu anifikishe salama, dua ndefu nzuri, na mimi Mwislamu wao nimeinamisha kichwa nikiitikia amina. Hakuna aliyesema usiende. Kumbe wangesemaje? Mgeni mwenye mshahara hazuiwi, anaombewa. Hayo nayajua leo. Siku ile niliumia, nikaumia sana, nikaingia gari la ofisi nikajifanya natafuta miwani.

Nilibakiza Rodi. Nilijua kwa nini nimeibakiza: huyu mama wa samaki ndiye niliyemtaka aseme. Wala hatukuwa marafiki, sijui jina la mtoto wake hata mmoja, lakini ndiye mtu pekee wa huku niliyekuwa nagombana naye, na kwetu ugomvi ni nusu ya udugu.

Siku ile ya soko la mwisho wa mwezi, watu walikuwa wamefurika. Nilisogea mezani na sentensi yangu nimeiandaa njiani tangu tukipita Rongo. Alikuwa anahudumia watu kama watano kwa mkupuo, jasho linamtoka, anapokea simu kwa bega. Aliponiona alinisukumia gazeti langu, akapokea pesa, akasema, "Haya, Nyar Mombasa, soko ijayo." Kisha akamgeukia mwingine. Nilisimama. Nikafungua kinywa. Mtu akanipiga kikumbo, akaniomba radhi kwa Kiswahili kizuri, nikaondoka. Sikumwambia kitu. Nilisema moyoni, kama hata hanioni nimesimama, sitamwomba anione.

Kesho yake niliwaandikia wakubwa kwamba sitaongeza. Wakajibu upesi, wakashukuru, wakamtuma kijana mmoja hodari achukue nafasi. Mlinzi akapata jiko, mwenye nyumba akapata mapazia, mimi nikarudi Malindi.

Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha. Majirani walikuja siku ya kwanza na ya pili, wakala halua, wakauliza huko bara kukoje, wakachoka na majibu. Nilisafisha kisima na mabomba. Nilinunua samaki wa bahari, nikawabonyeza na kuwatukana nitakavyo, na muuzaji akaniruhusu, na nikagundua hawana ladha yoyote.

Alasiri moja nimekaa barazani nachagua mawe kwenye mchele, miguu peku, simu ikalia. Namba niliijua, maana huyu mama alikuwa akinitumia ujumbe wa kuuliza darasa ni saa ngapi. Nikaipokea.

"Nyar Mombasa! Uko wapi?" Nyuma yake soko zima linapiga kelele. "Watu iko karibu kufunga. Mimi nakungoja."

"Unaningoja mimi?"

"Nani mwingine? Umekosa soko ile ya kwanza, kijana ndiye alikuja kufundisha, nikasema labda uko semina. Umekosa tena, nikasema labda ni mgonjwa. Hiyo ya kwanza nilikula, haikuwa ya kulala. Hizi zingine nimekukaushia. Ziko kwa beseni, nimefunga na gazeti."

Nikaweka sinia la mchele chini. "Nani alikwambia uniwekee?"

Akashangaa kweli, nilisikia. "Si siku zote nakuwekea? Tangu ile siku ya kwanza ulinifungulia gazeti mbele ya watu. Nikasema, huyu hana mtu hapa, na mdomo yake hivi, nani atamuwekea? Wacha akuwe mtu yangu."

Nilishika kinywa kwa mkono. Naye akaanza kunichokoza: "Ama unaogopa kulipa? Si wewe ulitufundisha mtu yangu alipe kwanza? Hujawahi kulipa kwanza hata siku moja! Ile siku tulicheka karibu tukufe. Unasoma kitabu, na samaki yako iko chini ya meza imefungwa." Akacheka tena, na safari hii nilikuwa nafahamu kinachochekesha.

Yule kijana hodari alikuwa ameshakalia kiti changu. Nyumba ya Migori ilikuwa na mpangaji mwingine na mapazia yangu. Hayo yote yalinipita kichwani, na mwanamke yule ananingoja Rodi, jua limemwinamia, anakataa kufunga meza.

"Sasa unasemaje?" akauliza. "Uko wapi?"

Nilitazama miguu yangu mitupu juu ya sakafu ya baraza. Kuku wa jirani alikuwa anadonoa mchele wangu, na sina shaka yule mama alimsikia.

"Niko njiani," nikamwambia. "Niko hapa tu, nafika."