Ndoo ya Chooni

Bega la kulia ndilo lililoanza kuuma, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa karafuu, kijiji kizima cha Mtambile kikajua sababu kabla yangu. Umevuta matawi kupita umri wako, waliniambia. Mkandaji akanichua kwa mafuta ya nazi, akasema ni mshipa umeingia baridi. Homa ikawa inakuja jioni, asubuhi haipo. Nikameza vidonge vya maumivu nikanyamaza. Mimi si mtu wa kulalama, na wanaolalama hunikera.

Asubuhi moja nimeinama kuvaa makubadhi, kitu kikaachia chini ya mbavu. Tumbo zima likawaka, likakaza kama ubao. Mwanangu yuko kazini Unguja, basi aliyenipeleka hospitali ni mkewe.

Daktari alinibonyeza, akadhani vidonge vimenitoboa tumbo. Akauliza, "Mzee, miezi hii uliharisha? Choo kilikuwa na damu?"

Mkwe wangu alikuwa kando, amenishika mkono. Nyumbani hatuli sinia moja. Akipita mbele yangu huinama. Nieleze habari za choo changu naye anasikia? Bora nife na heshima yangu.

"Hapana," nikasema.

"Una hakika, mzee? Jibu lako ndilo linaloniongoza."

"Nishasema hapana."

Mkwe akaniachia mkono, akatazama ukutani. "Daktari," akasema kwa sauti ndogo, "baba aliharisha sana kabla ya msimu. Damu ilikuwemo. Choo nakiosha mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Haya ilinizidi kuliko maumivu.

Daktari akakileta kipimo cha picha, akakipitisha tumboni mwangu, akakisogeza juu, kwenye ini. Jipu la amiba, vijidudu vya kuhara damu vilivyopanda hadi kwenye ini, lilikuwa limepasuka, linamwaga usaha tumboni. Bega liliuma kwa sababu ya ini, akanieleza. Karafuu zilisingiziwa tu. Wakanipasua siku ile ile. Usaha, nimeambiwa, ulikuwa na rangi ya halua. Angechelewa kujua, alisema, ningezikwa.

Niliporudi nyumbani hakuna aliyetaja kitu. Mkwe alinisalimu ameinamisha kichwa, kama kawaida yake. Nikenda chooni, nikakuta ndoo imejaa maji mpaka ukingoni. Nikakumbuka kwamba siku zote zile nilipokuwa nikikimbilia humo, nikidhani najificha, sikuwahi kuikuta tupu.