Mashine Ililia Juu ya Emerensiana

Tarsis Mligo wa Uwemba alikuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kuwa na redio. Simu zilipoanza kuimba zenyewe, kibanda chake kilibaki na vumbi na maganda ya redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mtu mwingine angepanda maparachichi kama wenzake. Tarsis alichomoa waya wa shaba kwenye hizo redio, akauzungusha kwenye mfuniko wa ndoo, akaufunga kwenye mpini wa fagio pamoja na betri na spika ndogo. Alipoupitisha juu ya jembe, ukalia. Akacheka peke yake uani. Mimi ni jirani yake wa mpakani, nilimwona, nikasema moyoni huyu sasa kaanza.

Tangu siku hiyo, kila watu walipomaliza kuvuna viazi, yeye alikuwa mashambani akitembeza mfuniko wake juu ya matuta. Udongo wetu mwekundu una chuma chake wenyewe, kwa hiyo mashine ililia hata pasipokuwa na kitu, na Tarsis alichimba kila ilipolia. Alipata majembe yaliyokatika, minyororo ya baiskeli, misumari, visoda, na mara chache sarafu yenye maandishi ya Kijerumani, ambayo aliisugua kwa majivu na kumwonyesha kila aliyepita. Watu walidhani anatafuta mali za Wajerumani. Hapa kwetu kila mtu ana babu aliyemwona Mjerumani akizika sanduku. Tarsis hakuwa na habari na sanduku. Alipenda ule muda kati ya mlio na kitu chenyewe, jembe likiwa limeshaingia na wewe bado hujui. Aliniambia kwamba wakati huo hakumbuki hata njaa. Nikamjibu kwamba mkewe anaikumbuka kwa niaba yake.

Mkewe, Emerensiana, alikuwa mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Hawakujaliwa mtoto, na mahali ambapo wenzao waliweka watoto, wao waliweka vyuma: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, jikoni kando ya kuni. "Mzee," alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "wewe utakuja kunizika na vyuma vyako." Tarsis alicheka na kuleta vingine. Walipendana hao watu, hilo nalisema bila kuombwa.

Emerensiana akafa kweli, kwa kichomi, katika msimu ule wa baridi iliyounguza mpaka majani ya migomba. Tulimzika kwenye kiwanja chao, pembeni ya miti ya miwati, mikono yake imeshika rozari ya shaba aliyoisali tangu usichana. Fundi wa kaburi akataka nondo. Tarsis hakuwa na uwezo wa nondo. Akaingia ndani, akaanza kutoa vyuma vyake, debe baada ya debe, akavimimina kwenye zege. Majembe, minyororo, misumari, miaka yake yote ya kuokota. Sisi wanawake tuliziba midomo kwa kanga ili tusiangue kicheko msibani. Yeye alikuwa analia. Alikuwa anampa kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kutu. Zege lilipokauka alituonyesha nafasi ya kando yake, akasema akifa tumlaze hapo, na kwamba hana ombi jingine duniani.

Sasa aje Sadock. Sadock ni mtoto wa dada yake Tarsis, anauza makava ya simu Makambako. Alikuwa na akaunti ya video isiyo na mbele wala nyuma. Alijaribu mahubiri, akajaribu vichekesho, akajaribu kueleza bei ya mbao, na watazamaji wake walikuwa mama yake na wadai wake. Siku moja akatokea Uwemba na begi refu mgongoni.

"Kamwene, mjomba. Nimekuletea dawa ya lile fagio lako."

Ilikuwa mashine mpya, ina kioo kama cha simu na vidude vya kuvaa masikioni. Ilijua kuunyamazisha udongo. Ilijua kutofautisha msumari na shaba, na shaba na fedha, na iliandika jibu kwenye kioo kabla hujainama. Tarsis aliitembeza shambani kwake nusu siku, akarudi amenyong'onyea.

"Inaniambia kabla sijachimba," alisema. "Sasa nichimbe kwa nini?"

"Mjomba, watu siku hizi hawataki kuchimba. Wanataka kutazama."

Akamweleza mpango. Wangechukua zile sarafu za Kijerumani alizozitunza kwenye kopo, wazifukie shambani, kisha Tarsis azigundue mbele ya simu.

"Lakini hizi nimeshazipata," alisema Tarsis.

"Walioko Mwanza hawajakuona ukizipata."

Akakubali. Nasikia watu wanasema alidanganywa, mzee wa watu. Hakudanganywa. Alivaa koti lake la Jumapili na vile vidude masikioni, akapiga magoti kwenye tuta, akainua sarafu yake mwenyewe na kusema, "Jamani, ona hii." Alisema vizuri kuliko alivyosema mara ya kwanza alipoipata. Miaka yote hiyo alikuwa akituonyesha visoda vyake nasi tunageuza macho, na sasa watu wa mbali walimwita mtaalamu. Alinipa simu nimsomee maoni yao, akataka niyarudie. Nilimwona akiwa na furaha, nikakereka, sijui kwa nini.

Video ya sarafu ilipendwa, lakini watu wakaanza kuuliza dhahabu iko wapi. Sadock akatembea na mashine uani kwa mjomba wake, simu ikirekodi, akaipitisha juu ya kaburi la Emerensiana. Mashine ikapiga kelele. Kioo kikajaa majina: chuma, shaba, chuma, kitu kikubwa, kitu kikubwa.

"Hivyo ni vyuma vyangu," alisema Tarsis. "Nilivitia kwenye zege. Humo yumo mke wangu tu."

Nilikuwa naanua nguo upande wangu, nilisikia kila neno. Waliotazama video hawakusikia hata moja. Sadock aliikata pale mashine inapolia, akaandika chini yake: Kuna nini hapa?

Walimjibu. Kwamba Wajerumani walijenga makaburi bandia juu ya mali zao, jambo linalojulikana. Kwamba zege la namna hiyo si la mwanakijiji. Mmoja aliandika kwamba babu yake alilibeba hilo sanduku mwenyewe kichwani, ingawa msalaba wa kaburi ulikuwa na jina la Emerensiana na rangi bado haijachuja. Baada ya hapo bodaboda kutoka Njombe mjini zikaanza kutuletea wageni. Wengine walikuja na mashine, wengine na nondo za kuchokonolea, wengine na simu tu, wamepakua programu inayodai inapima dhahabu, wakizielekeza ardhini kwa heshima kubwa. Mwenyekiti wa kitongoji aliwafukuza, wakarudi. Tarsis akampigia Sadock, akamwomba aifute video.

"Mjomba, hiyo ndiyo iliyotubeba. Nikiifuta tunaanza upya. Nitaweka nyingine ya kuwaelewesha."

Hakuweka. Tarsis akatoa kiti nje, akawa anashinda kando ya kaburi, blanketi mabegani, lile fagio lake la kwanza mkononi kwa ajili ya kupiga mtu. Shamba lake likaota magugu. Tulimpelekea chakula, na akila alitazama miwati, siyo sahani.

Aliondoka pale mara moja tu. Ilikuwa siku ya kuwaombea marehemu wote, na majina hutajwa kwenye Misa. Alitaka kulisikia la Emerensiana. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna mwizi anayefanya kazi siku kama hiyo na kijiji kizima kiko njiani. Kijiji kizima hakikuwa njiani, kilikuwa kanisani, na wasiokuwa kanisani walijua saa za ibada zetu. Alisikia jina likitajwa, akafanya ishara ya msalaba, akaniangalia kama mtu aliyelipwa.

Tuliporudi zege lilikuwa limepasuliwa kwa nyundo. Vyuma vilikuwa vimekwenda, nadhani kuuzwa skrepa. Sanduku lilikuwa juu ya majani, mfuniko kando, na Emerensiana alikuwa wazi katika manyunyu, amekunjwa upande ule ambao walimsukuma walipokuwa wanapekua. Rozari haikuwapo mikononi. Tarsis alipiga magoti, akaanza kumpangusa udongo kwa koti lake la Jumapili, akisema polepole, "Nilitoka kidogo tu. Nilitoka kidogo tu, mama."

Tulikimbilia majembe na shuka jipya. Tuliporudi Sadock alikuwa amefika na pikipiki kutoka Njombe mjini, alikokuwa siku hiyo. Sijui nani alimpigia. Alikuwa analia, nampa haki yake, machozi ya kweli. Simu ilikuwa mkononi imeshawaka.

"Mjomba," alisema, "ongea na waliochukua rozari. Watu wote wanatazama akaunti hii, na wao wanatazama. Wakikuona watairudisha."

"Wataileta kabla hatujamfukia?"

"Wakikuona."

Tarsis akaigeukia simu, akaanza kuomba. Hakulaani mtu. Alieleza ilivyokuwa, shaba tupu, msalaba wake umepinda mkono mmoja, haina faida kwa yeyote ila mwenyewe. Kisha sauti ikakatika, akalia kilio ambacho kilitufanya tuangalie chini.

Sadock akashusha simu, akaitazama, akapangusa pua.

"Mjomba, samahani. Mwanga ulikuwa nyuma yako, sura imekuwa giza. Wasipokuona uso hawataamini. Sogea upande huu wa sanduku, urudie."

Nilitaka kumpiga kwa mpini wa jembe. Mwenyekiti alinishika mkono, akasema mwache, huenda ikasaidia. Tarsis alisogea. Akarudia yote, shaba tupu, mkono mmoja umepinda, na akalia. Upepo ulikuwa umeingia kwenye simu. Akarudia tena. Manyunyu yakawa mvua, na sisi tumesimama na majembe na shuka, mwanamke wa watu yuko wazi, tukingoja warekodi.

Mara ya mwisho hakungoja kuambiwa aanze. Alijifuta uso, akapiga magoti mahali penye mwanga, akamtazama Sadock kwanza kuona kama simu iko tayari, ndipo akalia.

"Hiyo ndiyo nzuri," Sadock alisema.