Mgeni Aliyekuwa Akibanduka

Sina elimu ya kumshawishi mtu, na siku nyingine hata mwenyewe nasitasita. Lakini haya yalinikuta ughaibuni, Tooting, miaka ya tisini, jioni changa ya baridi, taa zimeshawashwa.

Nilikuwa namtunza Mzee Aldo, Mtaliani, zamani fundi wa kupiga lipu. Tangu amzike mkewe hakutaka kula. Supavaiza wangu wa kazi alishasema: asipokula wiki hii, anapelekwa hospitali. Mzee mwenyewe aliniomba jambo moja tu, afie kwake.

Ukutani alitundika nakala kubwa ya ile picha mashuhuri ya Nabii Isa na wanafunzi wake mezani. Nikimpelekea kijiko, yeye ananionyesha picha.

"Wengine walichora watu wamekaa kama wanapigwa picha za pasipoti," alisema. "Huyu kachora pale pale Yesu aliposema mmoja wao atamsaliti. Tazama mikono! Mkate upo, nani anakula?"

"Kula wewe, mzee."

"Kula mwenyewe, umekonda kama ufagio."

Akaendelea: picha za ukutani hupakwa lipu ikiwa bado mbichi, na lipu mbichi haingoji mtu, na mchoraji yule alipenda kukawia, akapaka rangi kwenye ukuta mkavu. Picha ikaanza kubanduka yeye angali hai.

Nikakaa na bakuli langu la wali wa nazi. Kuinua macho, mtu kasimama karibu na picha. Nikadhani ni jirani, mlango hatukuufunga. Shavu lake lilikuwa linatoka maganda. Nikasema moyoni ni ukurutu, nisimkodolee macho. Kwetu Pemba huli mbele ya mtu ukanyamaza. Nikamwambia, "Karibu," la mdomoni tu, kama tusemavyo sote.

"Ahsante, bibie. Nna njaa ya siku nyingi."

Kiswahili cha kwetu hasa. Akachota tonge moja kwa mkono. Amini nikwambiavyo, sikushtuka. Nilikuwa nimechoka tu.

"Unazungumza na nani?" Mzee Aldo akauliza.

Nikamgeukia yeye, nikageuka tena: hapana mtu. Kwenye zulia kulikuwa na vipande vya chokaa, vyekundu na vya buluu. Nikavifagia, maana ndiyo kazi.

"Huo wali una nini? Hebu nipe."

Mzee akala bakuli lote. Akala na kesho yake. Alipokufa, baada ya miaka, alifia kitandani kwake.

Na mimi? Tangu siku ile sijaonja kitu. Pilau, tende ya kufuturia, chumvi, vyote kama karatasi. Kusema haki, wiki ile nilikuwa na mafua, na daktari alisema huenda ni hayo. Huenda. Lakini mafua gani ya miaka yote hii? Wanangu huniambia, "Mum, too much salt," eti chumvi imezidi, nami nacheka.

Yule mgeni simlaumu, hakuiba. Ila wewe, ukimwambia mtu karibu, uwe umeridhia kutoa. Wapo wanaoitika.